Binadamu na Mageuko: Uhakiki wa Majibu Tunayoyatoa Kibaha na Kisarawe

Kuna swali ambalo wachungaji wa Pwani hulikuta kila mwaka katika madarasa ya kipaimara na katika mikutano ya vijana wa sekondari: je, Mkristo aweza kuyakubali mafundisho ya mageuko ya viumbe na bado akaiungama Imani ya Mitume kwa moyo mnyofu? Swali si jipya, wala hatudai kuwa wa kwanza kulishughulikia. Kusudi la makala hii ni kuyahakiki majibu ambayo tayari yanatolewa, mimbarani na katika semina, kwa wanafunzi wa Kibaha na Kisarawe. Tumeyachagua maeneo haya mawili kwa sababu tunayafahamu, na pia kwa sababu historia yake inaliweka swali hili wazi kuliko mahali pengine pengi.

Kisarawe ni miongoni mwa mahali pa kwanza katika Uzaramo ambapo wamisionari wa Kijerumani waliotumwa kutoka Berlin walifungua kituo, katika miaka ya 1890. Walikuja na Neno, na shule ikafuata. Kibaha ilipata shule yake kwa njia nyingine. Mwaka 1963, mwaka uleule ambao makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja, nchi za Denmark, Ufini, Norwe na Uswidi zilianzisha Kibaha mradi wenye shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, nao ukakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Raia wa nchi hizo kwa sehemu kubwa walikuwa Walutheri kwa ubatizo, lakini mradi wao ulikuja na maabara na maktaba, haukuja na katekisimo. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Haikuwa kazi yake. Tunasema tu kwamba zawadi hizi mbili zilitoka katika nyumba za majirani huko Ulaya ya Kaskazini, zikatua katika wilaya mbili zinazopakana, na hakuna aliyewaambia vijana wetu namna zinavyohusiana.

Kiswahili chenyewe kina jambo la kutufundisha kabla hatujafika kwenye hoja. Neno *binadamu* maana yake ni mwana wa Adamu. Mwalimu anayeandika ubaoni “mageuko ya binadamu” ameliandika jina la Adamu na fundisho la Darwin katika maneno mawili yaliyokaa bega kwa bega, bila chaki kukatika. Vivyo hivyo tunasema *viumbe hai*, na kiumbe ni kitu kilichoumbwa; na hata *maumbile*, neno tunalolitumia kwa asili ya vitu, linatoka katika kuumba. Hatutaki kulitwisha jambo hili uzito usio wake, maana lugha haithibitishi fundisho, na *binadamu* tumelipata kupitia Kiarabu pamoja na jirani zetu Waislamu, ambao watoto wao huuliza swali hilihili katika madawati yaleyale. Lakini ni vema tukumbuke kwamba Mswahili anapozungumza sayansi ya uhai hulazimika kutumia msamiati wa uumbaji, na kwamba hakuna anayeona taabu kufanya hivyo mpaka mhubiri amwambie achague.

Jibu la kukataa

Jibu la kwanza ni la kukataa katakata. Linasema ulimwengu uliumbwa kwa siku sita za saa ishirini na nne, miaka elfu chache iliyopita, na anayefikiri vinginevyo amemfanya Mungu kuwa mwongo. Katika semina zetu jibu hili kwa kawaida huletwa kwa vijitabu na kanda zilizochota kutoka maandishi ya Kimarekani, hasa yale yaliyofuata kitabu cha Whitcomb na Morris kuhusu Gharika kilichotoka mwaka 1961. Hata hivyo tusidanganyane kwamba ni jambo la Wapentekoste peke yao. Sinodi ya Missouri, ambayo ni ya Kilutheri, iliandika msimamo wa siku sita katika tamko lake la mwaka 1932. Na Luther mwenyewe, katika mihadhara yake juu ya Mwanzo aliyoianza mwaka 1535, alimkataa Augustino waziwazi katika jambo hili. Augustino aliwaza kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba siku sita ni njia ya kufundisha. Luther akajibu kwamba Musa alizungumza lugha ya kawaida kwa watu wa kawaida, na siku ni siku. Basi anayekataa mageuko kwa jina la Luther hajamsingizia.

Hata hivyo yatupasa kuuliza Luther alikuwa analinda nini. Alikuwa akipigana na desturi ya kuligeuza Neno kuwa fumbo ambalo wasomi peke yao wana ufunguo wake. Hakuwa na mifupa ya Oldupai mezani, wala hakuna mtu katika karne ya 16 aliyekuwa nayo. Sisi tunayo. Mwaka 1959, miaka mia kamili baada ya Darwin kuchapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi, Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus katika korongo la Oldupai. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 1.7. Mwaka 1978 kundi lake lilizifukua huko Laetoli nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, zikiwa zimehifadhiwa katika majivu ya volkano. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1909 na 1913, watafiti kutoka Berlin, mji uleule uliotutumia wamisionari, walichimba Tendaguru katika eneo la Lindi na kusafirisha tani zaidi ya 200 za mifupa ya mijusi wakubwa walioishi miaka takribani milioni 150 iliyopita. Wapagazi walioibeba hadi bandarini walikuwa watu wetu. Nchi nyingine huyasoma mambo haya vitabuni. Kwetu ni mzigo uliobebwa mabegani.

Kumwambia kijana wa Kitanzania kwamba vitu hivi havipo, au kwamba Shetani ameviweka ardhini ili kutujaribu (jibu ambalo tumelisikia kwa masikio yetu), ni kumfundisha kwamba Mungu ameijaza nchi yake udanganyifu. Hapo Augustino, ambaye Luther hakumfuata katika hoja ya siku, anastahili kusikilizwa katika hoja nyingine. Katika kitabu chake cha kufafanua Mwanzo alionya kwamba ni aibu na hatari asiyeamini anapomsikia Mkristo akisema upuuzi juu ya mbingu na nchi huku akidai amefundishwa na Maandiko. Maana asiyeamini atasema, kama amekosea katika jambo ninalolijua mimi, nitamwaminije katika habari za ufufuo? Jirani zetu wa Kenya walilionja jambo hili mwaka 2006, pale Askofu Boniface Adoyo alipoongoza harakati za kutaka mabaki ya watu wa kale katika Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yasionyeshwe kama ushahidi wa mageuko. Mabaki mashuhuri kuliko yote yalikuwa ya Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa mwaka 1984 na Mkenya Kamoya Kimeu. Makumbusho yalifunguliwa upya mwaka 2008, na kijana huyo yupo. Hatujasikia kwamba imani ya Wakenya ilipungua kwa sababu yake.

Tukiwa katika jambo hili la mafuvu, tusahihishe kosa ambalo wahubiri na walimu wanalifanya kwa pamoja. Zinjanthropus si babu yetu. Wataalamu wanamweka katika tawi la pembeni, ambalo lilitoweka bila kuacha uzao. Jina lake limetokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu hii hii, ingawa alipatikana mbali sana na bahari. Wala hakuna mwanasayansi anayefundisha kwamba mtu ametoka kwa nyani tunaowaona wakiiba mahindi mashambani. Kinachofundishwa ni kwamba mtu na sokwe wana asili ya pamoja, na kwamba njia zao ziliachana miaka milioni kadhaa iliyopita. Mhubiri anayepiga kelele dhidi ya “fundisho la nyani” anampiga mtu asiyekuwepo, na wanafunzi wa mchepuo wa sayansi wanalijua hilo wakiwa wameketi kimya katika viti vya nyuma.

Siku moja na miaka elfu

Jibu la pili linapendwa zaidi na wachungaji wenzetu, na kwa sababu hiyo tutalihakiki kwa ukali zaidi. Linasema kwamba kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu (2 Pet. 3:8), kwa hiyo siku sita za Mwanzo ni vipindi virefu, na sayansi inathibitisha Biblia. Linasikika kama hekima. Likisomwa kwa makini haliheshimu sayansi wala Maandiko.

Tuanze na Maandiko. Petro anaeleza kwa nini Bwana hakawii kutimiza ahadi ya kuja kwake. Hatupi kipimo cha kugeuza siku kuwa karne. Mwandishi wa Mwanzo naye ameihesabu kila siku kwa jioni na asubuhi, na amri ya sabato imejengwa juu ya hesabu hiyo (Kut. 20:11). Siku ikiwa kipindi cha miaka milioni mia, sabato inakuwa nini? Tukija kwenye sayansi, mpango huu unavunjika siku ya tatu. Mimea na miti ya matunda yatokea siku ya tatu, jua siku ya nne. Ndege waruka siku ya tano kabla wanyama wa nchi kavu hawajatokea siku ya sita, ilhali katika miamba ndege wanakuja baada ya wanyama watambaao wa nchi kavu. Huwezi kuyanyoosha mambo haya kwa kurefusha siku. Na hata kama ungeweza, ungekuta sura ya pili inakungoja, ambamo mtu anafanywa kabla ya bustani kupandwa, na wanyama wanaletwa mbele yake baadaye.

Sura hizi mbili hazikuwekwa pamoja na mtu asiyejua kusoma. Aliyeziweka aliiona tofauti ya utaratibu wake, akaiacha. Hilo peke yake latosha kutuambia kwamba hakukusudia kutupatia ratiba. Sura ya kwanza yajenga hekalu: mwanga, anga, nchi, kisha wakaaji wa kila mahali, na mwishoni sura ya Mungu mwenyewe inasimamishwa ndani, mahali ambapo mataifa ya jirani walisimamisha sanamu. Yapinga kwamba jua na mwezi ni miungu. Ndiyo maana vinaitwa mianga tu na kucheleweshwa hadi siku ya nne. Msikilizaji wa Babeli alielewa mara moja tusi lililomo. Sisi tukiisoma kama kitabu cha jiolojia kilichoandikwa kwa mafumbo, tusi hilo linatupita.

Wengine hushikilia maneno yanayosema kwamba kila kiumbe kilifanywa kwa aina yake, wakidhani kwamba mipaka ya spishi imefungwa humo. Neno la Kiebrania linalotumika halina maana ya spishi kama anavyoitumia mwalimu wa bayolojia. Linasema juu ya wingi na utaratibu wa viumbe. Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, hapo Kisarawe, anaishi komba mdogo sana, mwenye uzito wa gramu sitini hivi, aliyetambuliwa na wataalamu kuwa spishi ya pekee katika miaka ya 1990. Anapatikana katika mabaki machache tu ya misitu ya pwani, kutoka Lindi hadi Pwani, na si mahali pengine popote duniani. Misitu ile iliyotengana kwa muda mrefu imekuwa karakana ya viumbe vya namna hiyo. Kumwita komba yule wa aina yake ni kumpa heshima anayostahili, pasipo kudai kwamba alishuka kutoka mbinguni akiwa hivyo alivyo. Na wanaokata msitu wake kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam, wengi wao wakiwa waumini wa upande huu au ule, wanaitenda dhambi dhidi ya Mwanzo 1 ambayo hatujasikia ikihubiriwa hata mara moja.

Jibu la mtihani

Lipo jibu la tatu, ambalo halihubiriwi kwa sababu linatendwa. Mwanafunzi aandika mageuko katika karatasi ya mtihani ili apate alama, na Jumapili aungama kwamba Mungu ameumba mbingu na nchi, na mambo hayo mawili hayakutani. Wazazi wanajua, mwalimu anajua, mchungaji anajua. Tumewasikia viongozi wa vijana wakilishauri waziwazi: andika wanachotaka, amini unachojua.

Jibu hili ndilo linalotutia hofu kuliko mengine. Anayekataa mageuko angalau anashika kwamba ukweli ni mmoja. Huyu wa mtihani amefundishwa na Kanisa lake kwamba mtu aweza kuandika asichoamini ili afaulu. Akiisha kujifunza hivyo katika bayolojia, tutashangaa nini atakapofanya hivyohivyo katika mahesabu ya ofisi? Nasi tutakuwa tumempoteza bila kugombana naye. Ataendelea kuja ibadani, ataoa kanisani, atatoa ahadi yake, lakini imani kwake itakuwa chumba kimoja katika nyumba, chenye kufungwa siku za kazi.

Tusimsahau naye mwalimu anayevuka mpaka wake. Wapo wanaowaambia wanafunzi kwamba kwa kuwa viumbe vimebadilika kwa taratibu za asili, basi Muumba hahitajiki. Hoja hiyo si bayolojia. Mikroskopu haina lenzi ya kumwona Mungu wala ya kumkosa.

Fungu la kwanza la Imani

Tunapotaka kulijibu swali hili kama Walutheri, tunayo hazina ambayo ajabu ni kwamba hatuigusi. Ipo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila mwanafunzi wa kipaimara huikariri. Luther anapolifafanua fungu la kwanza la Imani haanzi na siku sita, wala hamtaji Adamu. Anaanza na yeye mwenyewe: Mungu ameniumba mimi, pamoja na viumbe vyote, amenipa mwili na roho, macho na masikio, akili, na tena mavazi na viatu, chakula, nyumba na mifugo.

Luther alijua kwamba alizaliwa na Hans na Margarete. Alijua viatu vyake vilishonwa na fundi. Wala haoni mgongano wowote. Mungu hutenda kazi akiwa amejifunika kwa viumbe vyake. Wazazi, fundi na mkulima ni barakoa ambazo nyuma yake yeye ndiye mtoaji. Hakuna aliyewahi kwenda kwa fundi viatu wa Maili Moja kumwambia kwamba kazi yake imeikanusha katekisimo. Vivyo hivyo mama mjamzito aliyepimwa katika hospitali ya Tumbi, akamwona mtoto wake katika kioo na kuelezwa kwamba chembe moja imegawanyika ikawa mbili, zikawa nne, hajakoma kumwimbia Mungu aliyemfuma mtoto yule tumboni (Zab. 139:13). Tukikubali kwamba taratibu za asili za miezi tisa hazimwondolei Mungu uumbaji wa mtu mmoja, ni kwa kanuni ipi tutasema kwamba taratibu za asili za miaka milioni zinamwondolea uumbaji wa watu wote?

Mpinzani atajibu kwamba mambo hayo si sawa, maana Adamu alifinyangwa kwa mavumbi moja kwa moja, wala hakuzaliwa. Jibu hilo lina nguvu, nalo linastahili eksejesia na si kejeli. Tufungue Ayubu. Katika sura ya 10 Ayubu asema kwamba mikono ya Mungu ilimfanya yeye, ilimfinyanga kama udongo, na Mungu atamrudisha mavumbini. Na papo hapo aeleza namna alivyogandishwa tumboni kama maziwa yanavyogandishwa (10:8-11). Elihu naye asema amekatwa katika udongo (33:6). Ayubu alikuwa na mama, anamtaja (1:21). Basi katika Maandiko yenyewe mtu aliyezaliwa na mwanamke husemwa kuwa amefinyangwa kwa udongo na mkono wa Mungu, bila mwandishi kuona kwamba ametaja mambo mawili yanayopingana. Lugha ya udongo haitueleze mbinu iliyotumika. Yatueleza sisi ni wa nani, na sisi ni dhaifu kiasi gani. Na katika sura ya kwanza ya Mwanzo Mungu anaiamuru nchi itoe viumbe hai (1:24), naye bado ndiye aliyevifanya (1:25). Nchi ilitoa, Mungu alifanya. Aliyeandika aya hizi mbili mfululizo hakuwa na tatizo letu.

Adamu, dhambi na kifo

Hadi hapa huenda msomaji ameona kwamba tunafungua mlango wote. La hasha. Kuna mahali ambapo mzigo unakuwa mzito, napo ni Warumi 5.

Paulo asema kwamba dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na kwa dhambi kifo. Ikiwa viumbe walikufa kwa mamilioni ya miaka kabla ya mtu, je, Paulo amekosea? Kuhusu wanyama hatuoni ugumu mkubwa, kwa kuwa Paulo asema kifo kiliwafikia watu wote, wala hawataji wanyama. Tena Zaburi ya 104, katika kumsifu Muumba, inawasifia wanasimba wanaonguruma usiku wakitaka mawindo yao kwa Mungu (104:21), na Bwana anamwuliza Ayubu kama ni yeye anayewawindia (38:39). Biblia inakitaja chakula cha simba kama karama. Swala hakuulizwa, hilo ni kweli, na tutalirudia hapa chini.

Ugumu upo kwa mtu. Wako watheolojia, hata wa Kilutheri, wanaosema kwamba dhambi ni mabaki tu ya unyama tuliorithi, ubinafsi wa mnyama ambao bado hatujaushinda. Fundisho hilo linavutia kwa urahisi wake, nasi tunalikataa. Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, katika kifungu chake cha kwanza, iliwakatalia wafuasi wa Flacius waliodai kwamba dhambi ya asili ndiyo hali yenyewe ya mwanadamu. Kama dhambi ni sehemu ya maumbile yetu tangu mwanzo, basi aliyeyafanya maumbile ndiye mwenye dhambi. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 19, linafunga mlango huohuo. Mkristo anayekubali mageuko ana ruhusa ya kusema kwamba mwili wake una historia ndefu. Hana ruhusa ya kusema kwamba Mungu alimwumba mwenye dhambi. Lazima ashike kwamba kulikuwa na mwito, na kwamba watu wa kwanza waliousikia walikataa, na kwamba kukataa huko hakukuwa lazima.

Walikuwa wangapi, na lini? Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 aliruhusu utafiti juu ya asili ya mwili lakini akashikilia wazazi wawili wa kwanza. Yohane Paulo wa 2, mwaka 1996, alikiri kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tupu, bila kulifuta hilo la kwanza. Sisi tunaona kwamba hoja ya Paulo inasimama juu ya Kristo mmoja kwa ajili ya wote, na kwamba umoja wa wanadamu katika hatia ni kivuli cha umoja huo. Kitabu cha Mwanzo chenyewe kinamwacha Kaini apate mke na kujenga mji (4:17) bila maelezo. Nyayo za Laetoli zaonyesha uzito ulivyotua kisiginoni. Sala haiachi alama katika majivu, wala uasi.

Selimundu

Tumesema tutamrudia swala. Lakini tukizungumzia gharama ya mageuko, Pwani haituruhusu kubaki na swala.

Mwaka 1954 mganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa damu za watu wa Afrika Mashariki. Aliona kwamba chembe ya urithi ya selimundu ni ya kawaida pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, mahali penye malaria nyingi, na ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Sababu ni kwamba mtoto aliyeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu analindwa kwa sehemu na malaria kali. Aliyeirithi kutoka kwa wote wawili anaugua. Kwa vizazi vingi malaria imewaua wasio nayo na kuwaacha wenye nayo, na ndiyo maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Huu ndio mfano wa uteuzi wa asili unaotajwa katika vitabu vya bayolojia ulimwenguni kote. Umeandikwa katika damu ya washarika wetu. Vimelea vya malaria navyo vinabadilika mbele ya macho yetu: mwaka 2001 nchi yetu iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza kwa sababu haikuwaua tena, na dawa iliyoishika nafasi yake haikudumu hata miaka kumi kabla ya kupokelewa na dawa mseto.

Mama wa Kisarawe mwenye mtoto wa selimundu amekwisha kupewa maelezo. Ameambiwa ni laana ya ukoo; ameambiwa ni kosa la mume; ameambiwa aende kwenye maombi ya kukata minyororo, na amekwenda, na amelipa. Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali lilelile, ni nani aliyetenda dhambi, na Bwana akawakatalia (Yn. 9:1-3). Hapa bayolojia inasimama upande wa Injili waziwazi: hakuna aliyekosa, na hicho kinachomwumiza mtoto ndicho kilichowaokoa bibi na babu zake na homa. Mchungaji asiyetaka kulisikia neno mageuko amejinyima jibu la kweli ambalo lingemwondolea mama huyu hatia isiyo yake.

Lakini atakapolipokea, mama ataweza kuuliza zaidi. Kwa nini Mungu alinde wengi kwa gharama ya mwanangu? Swali hilo hatulijibu. Tunaweza tu kulikataa jibu linalosema kwamba Mungu amehesabu na kuona faida inazidi hasara. Mungu wa namna hiyo ni mhasibu, na Luther huko Heidelberg mwaka 1518 alikwisha kutuonya tusimtafute Mungu kwa kupima kazi zake za utukufu, bali msalabani. Paulo asema uumbaji wote unaugua kwa utungu (Rum. 8:22), naye hasemi kwamba kuugua huko ni kuzuri. Mungu tunayemhubiri kwa mama yule naye alimtazama Mwanawe akifa. Zaidi ya hapo hatuna la kusema, na afadhali tuketi naye.

Lipo jambo dogo la kutenda. Sharika nyingi zinawataka wachumba wapime virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Tunapendekeza kwamba katika mafundisho ya ndoa, Kibaha na Kisarawe kwanza, wachumba waelezwe pia kuhusu kipimo cha selimundu, na waelezwe na mchungaji aliyejifunza: kwamba wawili wenye chembe hiyo hawakatazwi kuoana, kwamba katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kwa nne, na kwamba uwezekano huo hauongezeki wala kupungua kwa sababu ya mtoto aliyetangulia. Mganga mmoja na mwalimu mmoja wa bayolojia wangetosha kutufundisha haya kwa asubuhi moja.